Uzoefu wangu: filamu ya $9.99 na hadithi fupi za Etgar Keret

Nilikodi filamu iitwayo $9.99 mtandaoni baada ya kuzisoma hadithi fupi za Etgar Keret katika tafsiri ya Kiingereza. Nilitaka kujua kama hadithi ya kurasa mbili tatu, ambayo nguvu yake imo katika yale inayoyanyamazia, itaendelea kuwa hai ikishapewa sura, sauti na muda wa zaidi ya saa moja. Keret, aliyezaliwa Ramat Gan, Israeli, mwaka 1967, huandika Kiebrania cha mazungumzo ya kila siku, na katika hadithi zake maajabu hutokea bila mtu yeyote kushangaa.

Filamu hii ya mwaka 2008, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Israeli na Australia, iliongozwa na Tatia Rosenthal, ambaye aliandika mswada wake pamoja na Keret. Vikaragosi vyake vilisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Wahusika kutoka hadithi mbalimbali wamefanywa majirani katika jengo moja la ghorofa, na wanazungumza kwa lafudhi ya Australia.

Hadithi niliyoingoja kwa hamu ni ile ya kibubu. Kitabuni, baba anakataa kumnunulia mwanawe mwanasesere wa Bart Simpson, mhusika wa katuni za televisheni, anamletea kibubu cha kauri chenye umbo la nguruwe ili ajifunze thamani ya fedha, na kila mtoto akimaliza kikombe cha kakao asiyoipenda anapata shekeli moja, sarafu ya Israeli, ya kutumbukiza. Mtoto anampa nguruwe huyo jina la Pesachson, kisha anampenda kwa sababu anatabasamu hata asipotumbukiziwa chochote. Baba anapokuja na nyundo kukivunja, mtoto anaomba wasubiri hadi kesho yake, na usiku anamtorosha rafiki yake na kumwacha salama nje, shambani. Yote hayo tunayasikia kutoka kinywani mwa mtoto, ambaye hajui kwamba anatueleza jambo zito kuhusu baba yake. Kwenye filamu tunamtazama mtoto huyo kutoka nje, na hapo, kwa maoni yangu, kuna hasara ya kweli. Hata hivyo, tabasamu la nguruwe lisilobadilika linapata nguvu mpya katikati ya nyuso za vikaragosi vingine, ambazo zimechoka na ambazo alama za rangi bado zinaonekana juu yake.

Malaika wa hadithi nyingine ya Keret ndiye aliyenishinda kumkubali. Katika hadithi yake anafika kama rafiki aliyeombwa kwenye tundu la ukutani linalosemekana kutimiza maombi, na anapoanguka kutoka juu ya paa aya chache zinatosha kutuumiza. Filamu imemzungushia maelezo mengi mno, ingawa sauti ya mwigizaji Geoffrey Rush inampa ukali unaomfaa.

Kwa kweli, kazi ya Rosenthal inayonigusa zaidi ni filamu fupi aliyoitengeneza mapema, mwaka 1998, kutokana na hadithi ya Keret kuhusu mke anayenunua gundi kali na kujigandisha darini. Mume anapanga vitabu, anapanda, anambusu, na vitabu vinapoporomoka anabaki akining'inia kwa midomo ya mkewe. Hadithi moja, tukio moja, na haikuongezewa jirani hata mmoja: nadhani huo ndio ukubwa unaozifaa hadithi hizi.

Wazazi wafahamu kwamba $9.99 si katuni ya watoto. Inaanza na mtu asiye na makazi anayejiua kwa bastola, na kuna uchi pia. Nakala niliyokodi haikuwa na maandishi ya chini, jambo lililonilazimu kurudia baadhi ya mazungumzo. Ninaipa nyota nne kati ya tano, na ningemshauri mtu asome hadithi ya kibubu kabla ya kuitazama, ili sauti ya mtoto yule iwe imekwisha kumkaa masikioni.