TAHADHARI: Wanaoandikisha "posho ya mama mwenye mtoto mdogo" hapa Moshi ni matapeli

Habarini za jioni mama zangu na dada zangu wa Moshi. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani huku Pasua nafua nguo za mtoto, akaingia mama mmoja wa makamo, kitambulisho shingoni, kaunta buku mkononi, na kijana aliyebeba kishikwambi na kile kidude cha alama za vidole. Bibi jirani akasalimiwa "shimbonyi mae" kwa unyenyekevu wote. Hapo tukalegea. Nani anamshuku mtu anayeamkia wazee vizuri?

Akasema serikali imeleta posho ya wazazi wenye watoto chini ya miaka mitano, shilingi 60,000 kila mwezi, na inapitia TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kinachotakiwa ni kadi ya kliniki, namba ya NIDA na 8,000 ya kufungua faili. Laini ya kupokelea hela tungepewa bure. Akapiga picha kadi za watoto wetu ukurasa kwa ukurasa, mpaka uzito wa mtoto akanukuu. Alikuwa makini kuliko nesi.

Sasa sikilizeni hapa. Nikaweka kidole, kijana akasema, "Dada, kidole kina sabuni, hakijashika." Nikafuta kwenye kanga, nikaweka tena. "Bado." Nikaweka cha tatu, na cha nne. Nikacheka mwenyewe, nikalaumu Omo. Kumbe kila nikiweka, wanasajili laini nyingine kwa jina langu.

Jumanne jirani yangu akapigiwa simu na "afisa malipo" atume 15,000 ya kuamsha akaunti. Akatuma. Akapigiwa tena, safari hii wanataka namba ya siri. Ndipo akaja kunigongea. Tukapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa majina yetu: yeye ana namba mbili asizozijua, mimi tatu. Maana yake mtu akitumiwa ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" akaingia mkenge, jina litakalosomeka kwenye muamala wake ni langu mimi, mfua nguo wa Pasua.

Mwenyekiti wa mtaa hana habari nao, hajaona barua wala mtu. Na mimi ndiyo nilipaswa kuanzia kwake, kwa sababu dada yangu kijijini ni mnufaika wa TASAF na najua alivyoingia. Kwanza uliitishwa mkutano wa hadhara, majina ya kaya maskini yakatajwa mbele ya watu wote, wengine wakapingwa palepale. Baadaye wakaja wawezeshaji na dodoso, wakauliza mpaka paa na choo. Hakuna aliyemdai hata mia. Hela yenyewe hutoka kila baada ya miezi miwili, tena ni ya kaya maskini iliyotambuliwa, si ya kila mwenye mtoto mgongoni. Kliniki ni kweli ipo kwenye masharti, watoto wadogo lazima wahudhurie, na hapo ndipo matapeli walipotupatia: walichukua ukweli nusu wakaupaka mafuta.

Uliyeweka kidole, piga *106# leo hii, usingoje kesho. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako uikane, waifunge. Mimi nilikaa foleni kwa muda wa saa mbili na mtoto mgongoni, lakini zangu zimefungwa zote tatu. Polisi nimechukua RB, ile namba ya taarifa yangu, ili kesho nikiulizwa kuhusu laini hizo niwe na karatasi. Namba waliyompigia jirani tumeiripoti 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Elfu nane yangu nimeshaisamehe, ilikuwa ya unga. Ile 15,000 ya jirani inaniuma zaidi, maana ilikuwa mtaji wa ndizi zake pale Mbuyuni.

Jambo lingine: wakati anafunga kaunta buku lake nilimsikia akimwambia kijana kwamba Jumamosi hii ni zamu ya Kiborloni. Ndugu zangu wa huko, wakija msiwafukuze. Wapeni viti na maji ya kunywa, halafu mtoto mmoja atoke mbio kwa mwenyekiti.