Spektromita ya manila na kipande cha DVD: inapima kweli

Kama unafundisha fizikia na maabara yenu haina spektromita, yaani kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga na kupima urefu wa wimbi wa kila moja, tengenezeni hii ya karatasi. Mchoro wake ulitolewa bure na Public Lab, kikundi cha Marekani kilichoanza mwaka 2010 baada ya mafuta kumwagika Ghuba ya Mexico, wakazi wa pwani walipotaka kujipimia uchafuzi wenyewe.

Vifaa ni manila nyeusi, gundi, wembe, DVD tupu na simu yenye kamera. DVD unaibandua mpaka tabaka zake mbili ziachane, kisha unakata kipande kutoka lile linalopitisha mwanga, nacho kinakaa mbele ya kamera ya simu. Mistari myembamba iliyomo kwenye DVD, ndiyo inayotawanya rangi, imeachana kwa mikromita 0.74 tu. Ya CD imeachana kwa 1.6, kwa hiyo rangi hazitawanyiki vizuri kama kwenye DVD.

Kazi yenyewe iko kwenye mwanya wa kuingizia mwanga. Ukiukata kwa mkasi, karatasi inabaki na nyuzinyuzi na mistari ya rangi kwenye picha inatoka minene. Mimi nabandika vipande viwili vya wembe vikitazamana, karibu vigusane. Mabadiliko utayaona papo hapo.

Tulipoielekeza kwenye taa ya tyubu, binti mmoja wa kidato cha tatu aliuliza, "Madam, mbona rangi zimekatika?" Swali hilo prizimu haikuwahi kunipatia. Zebaki iliyomo kwenye tyubu hutoa mistari yake maalumu: wa buluu nanomita 436, wa kijani 546. Kwa mistari hiyo miwili wanafunzi walichora grafu ya mahali kwenye picha dhidi ya urefu wa wimbi. Kisha tukafunga madirisha, tukanyunyiza chumvi kwenye moto wa spiriti, wakasoma mstari wa njano: karibu 590. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi ni 589. Darasa zima lilipiga kelele, nami nikawaacha.

Kupima nguvu ya mwanga, hapana. Kamera ya simu hujirekebishia mwangaza yenyewe, kwa hiyo msiitumie kupimia ukolezi wa myeyusho kwenye kemia. Kwa urefu wa wimbi naipa alama zote.

Simu ifungeni imara kwa selotepu. Ikisogea hata kidogo vipimo vyote vinahama, na itabidi mpige picha ya tyubu upya. Na kamwe msiielekeze kwenye jua huku mkichungulia kwa jicho.