Kizimba cha chuma cha kuku: uzoefu wangu hapa Keshero, Goma

Kabla ya kizimba hiki nilikuwa na banda la mbao lenye wavu wa kuku, ule mwepesi wa matundu ya pembe sita. Aliyeniuzia aliapa kwamba hakuna mnyama atakayepita. Kanu, yule mnyama mwembamba wa usiku anayefanana na paka, alipita. Aliuvuta kwa meno na kucha mpaka kona moja ikaachia, akaua mitetea yote waliokuwa wamelala juu ya kijiti. Alikula kichwa na shingo ya mmoja tu, wengine akawaacha pale pale. Majirani walisema ni mwizi, lakini mwizi angebeba kuku akaenda zake. Wala hatukusikia kelele, maana kuku gizani haoni, hutulia tu hata kifo kikiwa kando yake. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyokuwa yakiwanunulia watoto madaftari. Iliniuma sana.

Ndipo nikaagiza kizimba kwa fundi wa kuchomelea. Fremu ya vyuma, waya mgumu wa matundu ya mraba ya nusu inchi, sanduku la kutagia ubavuni, paa la bati. Dola 140, nusu avansi, nusu siku ya kupokea. Kilifika juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, vijana wawili wakikishikilia kisipinduke.

Waya huo ndio unaostahili pesa yote. Wavu wa kuku kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mnyama asiingie ni jambo lingine kabisa. Kanu ana mwili mwembamba, na tundu likishapitisha kichwa chake, kiwiliwili nacho kinapita. Hapa hata kidole gumba changu hakipiti. Asubuhi moja nilikuta rangi imekwaruzwa kucha kuanzia chini hadi karibu na paa, na kinyesi chake kipo juu ya bati. Kuku wote walikuwa wazima, wananisubiri niwafungulie.

Jingine zuri ni chini. Ushauri wa kufukia waya ardhini kwetu haufai, kwa sababu ukipiga jembe mara mbili unakutana na mwamba wa lava. Wenzetu wa katikati ya mji wengine wamejenga juu ya lava ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 2002. Fundi alitandaza waya wa ziada juu ya ardhi kukizunguka kizimba, upana wa sentimita 40 hivi, tukaukandamiza kwa mawe ya volkano. Mnyama akianza kuchimba ukutani, anakwaruza waya.

Sasa kasoro. Bati lina mawimbi, na chini ya kila wimbi, pale linapokutana na fremu, paliachwa nafasi. Panya waliingia humo kufuata mabaki ya chakula, na panya wakizoea mahali, nyoka naye hayuko mbali. Nilipomwambia fundi, alijibu kwamba kuku hawezi kutokea hapo. Jibu hilo halikuniridhisha hata kidogo. Nimeziba mwenyewe kwa vipande vya waya uleule, na chakula nakitoa jioni. Komeo la mlango pia ni jepesi, mbwa akisukuma linacheza, hivyo nimeongeza kufuli. Tena sisitiza rangi ya kuzuia kutu, tabaka mbili, kabla hujamaliza kulipa: moshi wa Nyiragongo ukichanganyika na mvua, chuma chetu kinaliwa haraka.

Kwa usiku nakipa alama zote. Mchana bado kuna nguchiro, anayejificha kwenye nyufa za kuta za mawe, na mwewe wa vifaranga. Kwa hiyo vifaranga vyangu havitoki nje mpaka vikue, na kwa atakayeagiza namshauri aombe uwanja mdogo wa waya uleule, wenye paa la waya, uungane na mlango. Fundi anataka dola 60 zaidi kwa huo, na nitamlipa.