WhatsApp Business kwa wauzaji wa Dodoma: inamrudisha mteja, haimtafuti mgeni

Programu hii ilitoka mwaka 2018 na inapakuliwa bure. Kwa muuza zabibu wa Sabasaba au mwenye duka la mafuta ya alizeti Majengo, tunaipendekeza bila kusita, mradi ajue kazi yake ni kumrudisha mtu aliyekwisha kununua. Anayeiweka kwenye simu akingoja wageni wamiminike atakata tamaa mapema.

Uzito wake uko kwenye lebo, yaani alama unazobandika kwenye mazungumzo ya kila mteja, na ndizo wengi hawazigusi. Zinakuja tano za kuanzia: mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, amelipa, oda imekamilika. Unaweza kuongeza hadi zifike 20. Ongeza kwa kufuata jinsi watu wanavyonunua kwako: "dumu lita 20", "lita 5", "jumla", "zabibu tu". Familia ya Kisasa ikichukua dumu leo, waulize huwa linawatosha muda gani, kisha andika tarehe. Siku tano kabla halijaisha, tuma: "Habari dada, dumu lenu linakaribia kuisha. Mafuta mapya yameingia jana, bei ni ileile. Nimpe bodaboda Jumamosi?" Huo ndio utangazaji wenyewe, na mtu anaujibu kwa sababu unamhusu. "Karibuni wateja wetu wapendwa" ya kila asubuhi haimhusu yeyote, na ndiyo inayofanya ublokiwe. Ukiripotiwa na wengi, namba yako inaweza kufungiwa.

Malalamiko makubwa ni kwamba brodkasti, yaani ujumbe mmoja unaotumwa kwa wengi kwa mpigo, haziwafikii watu. Orodha moja inabeba watu 256, lakini ujumbe unampata tu yule aliyehifadhi namba yako. Dawa yake iko kaunta: mteja akiwa bado anasubiri chenji, mwombe aihifadhi palepale kwa jina analoweza kulikumbuka, "Mafuta Majengo", si jina la kampuni lenye maneno manne. Ujumbe wa salamu, unaojituma wenyewe, nao unafaa, kwani unamfikia anayekuandikia kwa mara ya kwanza au baada ya kimya cha siku 14. Weka ndani yake saa za kufungua, lipa namba na maeneo mnayopeleka mzigo. Mashairi ya kukaribisha hayana kazi pale.

Katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako ndani ya programu, inapokea bidhaa 500. Kumi zenye picha safi zinatosha, na kila moja iwe na bei. Hapa hatuna subira na mtindo wa "bei njoo inbox". Mtumishi wa serikali wa Mtumba anayeangalia simu kwenye mapumziko ya mchana hana muda wa kubembeleza bei. Atanunua kwa aliyeiandika. Picha piga asubuhi, kivulini. Jua la saa saba la Dodoma linazifanya zabibu nyekundu zing'ae upande mmoja na kuwa nyeusi upande wa pili, mtu adhani zimelala. Weka kishada kwenye sahani nyeupe, na pembeni yake kontena lenyewe unalouzia, ili ukubwa ueleweke bila kuuliza.

Stetasi inafutika baada ya saa 24, basi itumie kwa habari ya siku: mzigo umeingia kutoka Mpunguzi, umebaki kiasi gani. Zabibu zina misimu miwili kwa mwaka, na Bunge la bajeti hujaza mji kuanzia Aprili hadi Juni. Orodha na lebo ziwe tayari kabla, maana ukianza kupanga wakati watu wamefika, umechelewa.

Programu haitunzi stoo wala hesabu, daftari litabaki. Mgeni naye ataletwa na kibao kinachosomeka kutoka barabarani pamoja na jirani aliyeridhika. Namba moja haiwezi kuwa kwenye WhatsApp ya kawaida na hii kwa wakati mmoja, hivyo nunua laini ya duka, isajiliwe kwa jina la mwenye duka na si la kijana wa kaunta. Akiondoka kijana na laini yake, wateja wote wameondoka naye.