Scania au Howo? Uzoefu wangu wa kuchagua tajiri njia ya Kongo

Dereva wa lori akisikia kuna yadi ya malori Dar inaajiri watu wa njia ya Tunduma kwenda Kongo, swali la kwanza ni "wana gari gani?" Akijibiwa Scania, lori la Sweden, anapeleka leseni siku hiyohiyo. Akijibiwa Howo, la Kichina, anaanza kutafuta visingizio. Nimeshika usukani wa zote mbili, na msimamo wangu ni kwamba chapa inagusa kazi yako sehemu nne tu: mafuta, mteremko, kuharibika njiani na kitanda. Na hata hapo, ofisi na gereji zina sauti kubwa kuliko kiwanda.

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yanayokata mshahara. Yadi nyingi zinakupa dizeli kwa hesabu: kilomita za safari unagawa kwa kiwango walichokipanga wao. Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Kiwango kikiwa kilomita 2 kwa lita, utawekewa lita 465. Gari likienda kilomita 1.8 kwa lita, unahitaji karibu lita 517. Hizo 52 zinazopungua zitatoka mfukoni mwako kama mkataba unasema shoti, yaani mafuta yaliyopungua, inakatwa kwa dereva. Na hapo uko Tunduma tu; bado Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na Chingola, ndipo ufike Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo.

Chapa inaingia hapa kweli. Howo 371 ina injini ya lita 9.7. Scania G460 ina injini ya lita 13. Kwenye tambarare ya Chalinze hadi Mikumi tofauti yake si ya kutisha. Ukianza kupanda mlima Kitonga na mzigo kamili, injini ndogo inashushwa gia hadi chini na kuzungushwa kwa kasi muda mrefu, na mshale wa dizeli unaonyesha. Tatizo ni kwamba wapo matajiri, wenye magari, wanaoweka kiwango kimoja kwa magari yote, eti njia ni moja. Vilevile Scania mbili za mwaka mmoja hazili sawa kama moja ina injekta zilizochoka, filta ya hewa iliyoziba, tairi zenye upepo pungufu au breki ya tela inayoshika bila kuachia. Hiyo ya mwisho madereva wengi hawaistukii: kila ukisimama, pita ukisogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Yenye moto kuliko wenzake inakula mafuta yako.

Kwa hiyo pale ofisini uliza mambo haya kabla ya kuuliza chapa. Kiwango kinapangwa kwa kila gari au kwa njia? Kwenda na mzigo na kurudi mtupu vinahesabiwa tofauti? Foleni ya mpakani ina lita zake? Injini ya lita 13 ikinguruma tu bila kutembea inakula kama lita 2 hadi 3 kwa saa, na kwenye foleni ya kusogea hatua kwa hatua huwezi kuizima kila mara. Mtu wa mafuta akikujibu "sisi hatuna mambo hayo, dereva anajua mwenyewe", umeshapata jibu lako.

Sasa mteremko. Wanaokuja wapya njia hii wanaogopa Kitonga wakati wa kwenda, kumbe kwenda unapanda. Kazi iko kwenye kurudi, shaba iko mgongoni na Ruaha iko chini kule. Scania nyingi za njia hii zina retada, breki ya ziada inayopunguza mwendo bila kukanyaga breki ya mguu, na hapo sibishani na mtu: ni raha. Howo za kawaida zinategemea breki ya egzosti, inayobana moshi wa injini, na hiyo inashika vizuri injini ikiwa juu tu, mizunguko 1,800 hadi 2,000 hivi. Ukiteremka na gia kubwa injini inalegea, unaanza kukanyaga breki mfululizo, dramu zinapata moto, viatu vya breki vinapoteza mshiko, na ukija kutaka kushusha gia katikati ya kona unajikuta nyutro, bila gia. Gia ichaguliwe juu, kabla mteremko haujaanza, na isibadilishwe mpaka chini. Breki ya mguu unaikanyaga kwa nguvu, mwendo ukishuka unaachia kabisa ipoe. Kuilalia mguu ndiko kunakoiunguza.

Lakini retada nayo si uchawi. Joto lake linakwenda kwenye maji ya injini. Rejeta iliyojaa kutu kwa sababu gereji inamimina maji ya bomba badala ya kuleni (dawa ya kupoozea injini) haiwezi kulipooza. Mshale wa joto unapanda na retada inajipunguza yenyewe, tena pale unapoihitaji zaidi. Jingine: inashika magurudumu ya kuendeshea ya hosi, kile kichwa kinachovuta tela, peke yake. Mvua ikinyesha na tela ni jepesi au tupu, ukiivuta hadi mwisho hosi inaweza kuteleza na tela likaja kukukunja. Nimewaona watu wa Scania wakiteremka Iwambi kuelekea Mbalizi kwa mwendo ambao mtu wa Howo asingethubutu. Gari zuri huwa linamfanya dereva awe mvivu wa gia.

Halafu tuhesabu matairi. Hosi ya ekseli tatu ina 10, tela la ekseli tatu lina 12. Nusu ya breki zinazokusimamisha ziko kwenye tela, na tela halina nembo ya Scania. Kwa hiyo siku ya usaili omba uingie yadi. Unga hosi na tela, jaza upepo hadi baa 8, zima injini, toa breki ya kuegeshea matairi yakiwa yamewekewa kabari, kisha kanyaga breki ya mguu dakika nzima huku ukiangalia mshale. Ukishuka zaidi ya baa 0.3 hivi, kuna mvujo. Tembea pembeni usikilize. Fungua vali za chini za matangi ya upepo: yakitoka maji mengi yenye mafuta, ujue kikausha upepo kimekufa na hakuna anayejali. Angalia adjasta za breki za ekseli za tela kama zinalingana. Haichukui hata robo saa, na inakueleza habari za gereji ambazo nembo ya mbele haiwezi kukueleza.

Kuharibika njiani ndiko ninakoipa Howo alama zaidi. Spea zake ziko Tunduma, ziko Lubumbashi, na fundi wa kawaida anaifungua kwa spana. Scania za karibuni zikiwasha taa ya injini na kukataa kuvuta, mara nyingi zinataka kompyuta, na mwenye kompyuta yuko mbali na ulipo. Hapo swali la maana ni la tajiri: fundi anatumwa ndani ya siku ngapi, na posho inaendelea gari likiwa limelala Likasi? Kuna wanaolipa kwa safari tu. Siku za kusubiri ni zako na Mungu wako.

Mizani haina chapa. Ekseli ya mbele tani 8, mbili za nyuma 18, tatu za tela 24, jumla 50 kwa ekseli sita. Ukomo wa juu kabisa ni 56 kwa ekseli saba. Hosi nzito inabeba mzigo pungufu, basi. Ulizia nani analipa faini uzito ukizidi kwenye ekseli moja kwa sababu mzigo ulipangwa vibaya bandarini.

Kitanda: Scania, bila mjadala. Kabini yake ni tulivu na inakaa kwenye upepo, wakati Howo za zamani zinakurusha kwenye springi. Ukikaa Kasumbalesa siku kadhaa, mgongo unajua tofauti. Ila kumbuka Scania mpya unayoonyeshwa kwenye picha za yadi anapewa dereva wa zamani. Mgeni anapewa ile iliyoegeshwa nyuma ya gereji. Sema wazi: "Gari nitakaloanza nalo ni lipi? Nilione."

Karatasi nazo ziangaliwe: mkataba wa maandishi, NSSF inayopelekwa kila mwezi (waulize madereva waliopo, nao wakague michango yao), likizo ya siku 28, na hati za nje kama Yellow Card ya COMESA, bima ya gari ya kuvuka mipaka, zikiwa hai kabla hujatoka getini.

Kwa mzigo wa kawaida, Howo ya miaka mitatu yenye kiwango cha mafuta cha haki na gereji inayoamka mapema naichukua mbele ya Scania ya tajiri anayekata shoti. Kwenye tenka, gari la kubeba mafuta, nageuka. Dizeli inapelekwa Kongo ikiwa imejaa, inateremka Iwambi imejaa, na kimiminika kinasukuma mbele kila ukigusa breki. Kama chumba kimoja hakikujazwa hadi juu, kinasukuma zaidi. Hosi isiyo na retada kwenye tenka siipandi, hata posho iwe nene kiasi gani.