Kiondo, kikapu cha kusuka: katani ya kusokota mwenyewe au uzi wa dukani?

Kwa gharama, katani ni nafuu ikiwa mkonge uko mpakani mwa shamba lako: unakwangua jani, unaosha nyuzi, unaanika, kisha unasokota kwa kiganja juu ya paja. Ukihesabu muda, mambo yanageuka. Uzi wa akriliki, ule wa dukani unaotoka kiwandani, unaununua asubuhi na kuanza kusuka saa hiyohiyo, tena kwa rangi uitakayo.

Kwa uimara sina shaka: katani hubeba viazi bila kulegea, wakati akriliki huvutika na kuota vinyweleo. Ila katani ikikaa na maji huota ukungu. Akriliki unafua tu.

Na utulivu wa moyo? Kusuka kwenyewe hutuliza kwa uzi wowote. Wanawake wa Ukambani, Kenya, husuka hata wakitembea. Lakini kusokota kuna raha yake. Kiganja kikienda na kurudi, pumzi hukifuata, na mawazo yaliyokukaba huanza kulegea. Hilo dukani haliuzwi.

Mwenye oda ya haraka achukue akriliki. Anayesuka cha shambani, au anayetafuta kupumua, asokote. Wengine huweka mitande (nyuzi za kusimama) ya katani na mshindio (uzi unaozizunguka) wa akriliki, na kiondo hutoka imara chenye rangi.