Mikutano ya Java ya Jumamosi, Kijitonyama: mada zipi zinafaa muda wako

Kama unaandika Java kazini hapa Dar na hujawahi kufika kwenye mikutano ya waandaaji wa programu kule Kijitonyama, nakushauri uende. Kiingilio ni bure, na watoa mada wengi ni watu wanaopigiwa simu usiku wa manane seva zikianguka. Hilo peke yake linaifanya iwe tofauti na semina za wauzaji. Ila mada hazilingani ubora, kwa hiyo nitasema ninavyoziona.

Iliyonifaa kuliko zote ilihusu memori ya Java ndani ya kontena, yaani kifurushi kinachoendesha programu ikiwa imetengwa peke yake ndani ya seva. Mtoa mada, dada anayeshughulika na mifumo ya malipo, hakuja na slaidi nyingi. Aliwasha projekta, akaanzisha programu ndogo ya Spring Boot (fremu ya kujengea huduma za Java) kwenye kontena lenye kikomo cha GB 1, akaanza kuirushia maombi. Haikuchukua muda ikatoa OutOfMemoryError, kosa la kuishiwa memori, huku grafu pembeni ikionyesha kontena bado lina nafasi tele. Sababu yake ni kwamba usipoielekeza, Java hujiwekea kikomo cha hipu (sehemu ya memori ambamo programu huweka data zake) cha robo tu ya memori iliyopewa, yaani MB 256 katika ile GB 1 unayoilipia. Akaongeza mpangilio wa -XX:MaxRAMPercentage=75, yaani hipu ifike hadi asilimia 75 ya memori, na kuiwasha upya, ikatulia. Kisha akapandisha hadi 95. Safari hii kontena likauawa na mfumo wa uendeshaji wenyewe, likaacha namba 137 (alama ya programu iliyouawa kwa nguvu), na kwenye logi za Java hapakuwa na hata mstari mmoja wa kueleza kilichotokea. Maana hipu si memori yote: thredi (njia za kazi zinazokwenda sambamba) zinataka sehemu yake, metaspace (panapokaa taarifa za klasi za programu) inataka, bafa za mtandao nazo zinataka, na wote wanakula sinia moja.

Kaka mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Dada, sisi ofisini bado tuko Java 8, hii inatuhusu?" Akamjibu, "Inawahusu kuliko wengine, kaka. Tazameni kwanza ni toleo gani la 8." Matoleo ya kabla ya 8u191, yaani sasisho la 191 la Java 8, yakiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hayaoni kikomo cha memori cha kontena. Yanasoma memori ya seva nzima. Kwenye seva ya GB 64 yatajiruhusu hipu ya GB 16, ndani ya kontena la GB 1! Niliona watu wakitoa simu kupiga picha ubao, na mimi nikiwemo. Jumatatu yake tulikagua mifumo yetu yote kwa kipimo hicho.

Mada ya thredi pepe, yaani thredi nyepesi zinazosimamiwa na Java yenyewe, zilizokamilika rasmi katika Java 21 mwezi Septemba 2023, ilikuwa nzuri lakini iliishia njiani. Mtoa mada alianzisha thredi 10,000, kila moja ikisubiri sekunde moja, na kazi yote ikaisha kwa zaidi ya sekunde moja kidogo. Inavutia sana kuiona ikitokea mbele yako. Tatizo ni kwamba mifumo yetu mingi haisubiri tu, inakwenda kwenye hifadhidata, na HikariCP, zana inayotunza miunganisho ya hifadhidata, isipopangwa ina miunganisho 10. Thredi elfu kumi zitapanga foleni hapo hapo. Hili lilitoka kwenye swali la ukumbini, ndipo akaonyesha namna ya kuzizuia kwa Semaphore, kidhibiti cha idadi ya thredi zinazoruhusiwa kupita kwa wakati mmoja. Lilistahili kuwa kiini cha mada. Alichoeleza vizuri ni kasoro ya thredi pepe kunasa ndani ya synchronized (kufuli la Java linaloruhusu thredi moja kwa wakati), kasoro ambayo kwa sehemu kubwa imeondolewa katika Java 24 ya Machi 2025. Kwa maoni yangu, ofisi iliyoko Java 17 na inayofikiria kuhama iende moja kwa moja Java 25.

Mada ya Quarkus (fremu nyingine ya huduma za Java) na GraalVM (zana inayogeuza Java kuwa programu ya mashine moja kwa moja) niliipenda kiasi. Programu iliamka chini ya sekunde, safi. Lakini kuijenga kuna gharama: dakika kadhaa za kusubiri, memori nyingi, na maktaba zinazotegemea reflection (programu kuchunguza klasi zake ikiwa inaendeshwa) lazima zitangazwe mapema. Mwenye laptopu ya GB 8 atateseka.

Utangulizi wa Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena nyingi, hapana. Michoro ya visanduku mwanzo hadi mwisho, hakuna podi (kundi dogo la kontena) hata moja iliyowashwa, kwa sababu mtoa mada alitegemea kupakua kila kitu pale pale na intaneti ya ukumbi ikagoma. Waandaaji wa mikutano wamtake kila mtoa mada aje na image zake (vifurushi vya kuanzishia kontena) tayari kwenye mashine.

Kuhusu ratiba, wakisema saa tatu asubuhi jua ni saa nne, na muda unaoliwa ni ule wa maswali, ambao kwangu ndio wenye faida kubwa. Video zipo baadaye, lakini wauliza maswali hawapewi maiki, kwa hiyo unasikia jibu bila swali. Ukienda, kaa mbele, herufi kwenye projekta ni ndogo. Anayeanza Java leo atapotea. Kwanza azoee kuandika huduma moja na kuiweka kwenye seva.

Nimewaandikia waandaaji kuomba ile mada ya memori irudiwe kwa saa mbili kamili, kila mtu akiwa na kontena lake mbele yake.